Simba wamefungwa, sasa lazima nisome kitabu barazani. Nimchague mwandishi gani?

FundiWaKwahani

Assalaam alaykum jamani.

Mie ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kwahani, karibu na Uwanja wa Amaan kiasi kwamba ikichezwa mechi ya usiku natunga uzi kwa taa zao. Siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, tarehe 25 Mei 2025, tiketi sikuipata. Nikakaa barazani na wenzangu, tivii tumeitoa nje, waya umepita dirishani. Anayeishi mtaa wetu anaijua shida yake: kelele za uwanja zinafika kabla ya picha. Joshua Mutale alipofunga dakika ya 17 sisi tulishakumbatiana, mmoja keshamwaga kahawa, na kwenye tivii Simba bado wanagongeana pasi. Raha ya aina yake, kulijua bao kabla halijaingia.

Sasa igeuze. Kagoma keshatolewa kwa kadi nyekundu mwanzo wa kipindi cha pili. Bao la Mukwala limekataliwa na VAR. Berkane wana mabao yao mawili ya kule kwao Morocco, na sisi tunataka moja tu tusawazishe jumla. Zimeingia dakika za nyongeza. Kwenye tivii mpira upo mbali na goli letu, hakuna hatari yoyote, na ghafla uwanja mzima ukanyamaza. Hakuna aliyetuambia kitu. Mzee mmoja pale barazani akainuka, akatafuta makubadhi yake kwa mguu, akavaa, akaaga, na Sidibé wa Berkane bado hajaupiga ule mpira. Ikawa 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda zake.

Hayo yamepita. Kinachonileta hapa ni deni.

Barazani kwetu hatuchezi kamari, ila tuna sharti letu. Lilianza 2023, Yanga walipolikosa kombe hilihili mbele ya USM Alger: walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakalikosa kwa mabao ya ugenini. Tulikubaliana kwamba upande uliofungwa utoe mtu mmoja, kila usiku baada ya isha asome kitabu kwa sauti mpaka kiishe, na kahawa iwe juu yake. Mwenzetu mmoja wa Yanga, dereva wa daladala, akaanza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Tulikaa tayari kumcheka. Yakhe, baraza ilijaa! Walikuja watu wa mtaa wa pili na vigoda vyao. Mke wangu alikuwa akisikiliza dirishani, na nikirudi ndani ananihoji: nani alikuwa wapi, nani alisema nini, nikikosea ananirudisha mwanzo.

Safari hii zamu ni ya Simba, na kura imeniangukia mie. Masharti ni haya: mwandishi awe wa zamani, awe ameandika kwa Kiswahili, kitabu kiwe kimetoka kabla watu hawajaanza kutembea na simu, na Mzimu hairudiwi.

Kwa mapenzi yangu ningemchukua Adam Shafi nikamaliza maneno. Kasri ya Mwinyi Fuad, 1978. Yule Kijakazi ananiuma kila nikimsoma: nyumba ya bwana wake ishaanguka, dunia ishageuka, na yeye bado anamwonea huruma Fuad na kumtumikia kwa moyo wake wote. Nikimtazama naiona jezi yangu nyekundu niliyoivaa Jumatatu asubuhi kwenda dukani kununua boflo, watu wananicheka na mie nimo tu. Lakini kile kitabu barazani sithubutu. Tuna wazee wa kila upande pale, na Mapinduzi ya 1964 hayajapoa. Ukurasa wa kumi hatufiki, kila mmoja atakuwa anahadithia yake.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi. Nataka mwandishi anayejua kufungwa. Sitaki kitabu cha kufarijiana, mambo ya subira huvuta heri, hapana. Nataka mtu anayeandika hasara ikakaa kama ilivyo, na bado ukataka kufungua ukurasa wa pili. Na msinitajie jina la kitabu tu mkaondoka. Niambieni kinavyosomeka kwa sauti, mbele ya watu, na wengine wanakunywa kahawa.

MwananchiWaMwera

Wa alaykumu salaam, pole sana kolo wangu wa Simba.

Mlikuwa mkiimba kwa Mkapa hatoki mtu. Mvua ikaharibu uwanja wa Mkapa, CAF ikaileta mechi Amaan, na Amaan akatoka mtu, tena na kombe mkononi. Nyie mlichosahau ni kuwafundisha Berkane huo wimbo mapema.

Kitabu chako mie ninacho tayari, wala sifikirii mara mbili. Kinaitwa Kicheko cha Ushindi. Naapa sijakitunga, kipo, hadithi fupi za Mohamed Suleiman Mohamed, kimetoka 1978. Simba inafungwa fainali halafu fundi wa Simba anasimama mbele ya Wananchi wa Yanga anasoma Kicheko cha Ushindi. Na sharti moja niongeze: kila usiku kabla hujaanza ulitaje jina la kitabu, polepole, watu wote walisikie.

Kweli ya Mungu, mie 2023 nililala na jezi. Nilidhani nikiivua ndio basi tena. Kwa hiyo nacheka lakini nakujua ulipo.

MzeeWaStella

Fundi, mwanangu, pole. Huyu wa Mwera msamehe, hajui alitendalo, ni mtoto.

Jina langu hapa linakutosha kujua nimetoka wapi. 1993 tulifika fainali ya Kombe la CAF. Tukaenda Abidjan tukatoka 0-0 na Stella. Sare ya ugenini! Ikabaki kuja kulichukua nyumbani tu. Mie nilikuwa kibarua bandarini Malindi wakati ule, redio ya mlinzi imewekwa juu ya gunia, sisi tumeizunguka. Stella wakatufunga 2-0 Dar es Salaam. Hakukuwa na kadi nyekundu ya kuisingizia wala VAR. Tulirudi kupakia.

Kwa hiyo mie jawabu langu ni Kuli, tena hapo hapo kwa Adam Shafi wako. 1979. Sikipendi kwa sababu ya siasa yake, siasa zake utazikuta hata gazetini. Nakipenda kwa sababu mzigo uliomo mle ni mzito kwelikweli. Nimebeba magunia, nawajua waandishi wanaoandika gunia bila kuwahi kuliinua, na huyu si mmoja wao. Rashidi ni mtoto wa kuli na yeye anaishia kuwa kuli, na ule mgomo wa 1948 ulikuwa mgomo wa kweli, wazee wetu waliuona kwa macho yao. Na kwa sauti kinasomeka, maana watu wa mle wanazungumza. Ukipata pahala makuli wanabishana, mpe kila mtu wa baraza sauti yake. Sisi tulikuwa tukifanya hivyo wakati wa kusubiri meli.

Halafu acha kukaa karibu na uwanja ukatazama tivii. Chagua moja.

FundiWaKwahani

Shikamoo mzee. 0-0 ya Abidjan naisikia kila mwaka kutoka kwa baba, leo ndio nimeielewa.

Mwera, sharti lako la kutaja jina nimelisikia. Nenda kavue jezi.

Kuli nakipenda mzee wangu, ila nina tatizo nacho dogo. Barazani kwetu nusu ya watu wamekisoma skuli. Mtu anayeujua mwisho hakai mpaka saa nne za usiku. Yule dereva alifanikiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akikumbuka muuaji ni nani, na aliyekumbuka tulimfukuza.

Kuna mmoja kanishauri Vuta N'kuvute. Hicho kimetoka 1999, na 1999 hapa Unguja walikuwapo watu wanatembea na simu kubwa kama tofali, nimewaona. Na tena ile filamu ya Amil Shivji ya 2021 kila mtu kaiona, ukimtaja Yasmin wanamwona yule binti wa kwenye filamu, wewe msomaji huna kazi.

MlandegeTu

Kwani hii ni mara ya kwanza Simba kufungwa fainali Amaan? Januari 2024, Kombe la Mapinduzi, Mlandege 1, Simba 0. Hata kitabu hamkutusomea.

Msome Gurnah. Nobel 2021, mtu wa hapa hapa. Au sheria zenu zinamkataa naye?

FundiWaKwahani

Zinamkataa. Kaandika kwa Kiingereza, na Peponi kwa Kiswahili kimetoka 2022 tu. Na ile ya Januari si fainali ya Afrika, hatuihesabu.

MlandegeTu

Hamuihesabu nyie. Sisi tumeiweka kwenye kabati.

MwalimuMstaafu

Nimesomesha Kiswahili miaka mingi, nimeona watoto wakisinzia kwenye vitabu vizuri na wakiamka kwenye vitabu vya kawaida, kwa hiyo nisikilize kidogo, fundi.

Kwanza umeuliza maswali mawili ukadhani moja. Mwandishi anayejua kufungwa ni jambo jingine, na kitabu kinachosomeka barazani ni jambo jingine. Wewe hasa unachokitaka ni kusikilizwa, usitufiche. Umeona yule dereva alivyojaza watu, nawe unataka wako wasipungue.

Mzimu wa Watu wa Kale ulijaza baraza kwa ufundi, si kwa bahati. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa magazeti, alihariri Mkulima, na mwandishi wa gazeti la zama zile alijua kwamba nakala moja inasomwa na mmoja na kusikilizwa na wengi. Ndiyo maana mpelelezi wake, Bwana Msa, hakai kimya. Anavuta kiko chake, anauliza, anajibiwa, anauliza tena, na ile hadithi inakwenda kwa mdomo. Anayesikiliza anapewa vitu vyote anavyovijua Bwana Msa, kisha anaachwa akisie. Najum, msaidizi wake, akikisia vibaya baraza nzima inamcheka, na wao wenyewe walikisia vilevile. Kitabu kile kilishinda mashindano ya uandishi kabla hakijachapwa 1960, na waamuzi wale sidhani kama walikisoma kwa sauti, lakini wangekisoma wangekipa zawadi ya pili pia.

Ukitaka njia rahisi basi umepata: Kisima cha Giningi, 1968. Au Duniani Kuna Watu, 1973. Baraza itajaa. Ila utakuwa umemfuata dereva nyuma nyuma.

Sasa kuhusu hasara. Hapo mie sina shaka, ni Mohamed Suleiman Mohamed. Nyota ya Rehema, 1976. Adam Shafi hasara yake ina mtu wa kumlaumu: bwana, tajiri, mkoloni. Unamjua adui, unapata nguvu. Kwa Mohamed Suleiman unaona mtu anapoteza, na katika waliomfanya apoteze wamo watu wa damu yake, wanaokaa naye sahani moja. Rehema anapewa shamba kisha linaondoka mikononi mwake, na unajua litaondoka tangu siku alipopewa, na bado unataraji. Hiyo ndiyo hali yako ya dakika za nyongeza, fundi, uwanja umeshanyamaza na wewe unaitazama tivii ukiomba picha ije tofauti.

Lakini Nyota ya Rehema usiisome barazani. Nimeijaribu darasani. Sentensi zake ndefu, anaiangalia mvua, anaiangalia njia ya shamba, anamwangalia mtu mpaka unajua kitambaa cha nguo yake. Ukiwa peke yako chumbani ni neema. Mbele ya watu kumi, mmoja akiita kashata, sentensi imekatika na huwezi kuirudia.

Kwa hiyo namuunga mkono yule kijana wa Mwera, ingawa yeye alitaka kukukejeli. Hadithi fupi. Usiku mmoja hadithi moja. Aliyekosa jana kwa sababu ya msiba au zamu ya kazi, leo hajapoteza kitu. Na mkono ni uleule ulioandika Rehema, ila pumzi ni fupi.

KondeHadiMkoani

Mjini mnajadiliana wenyewe kwa wenyewe kama kawaida yenu. Pemba tupo.

Kwanza niwakumbushe, Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, timu za taifa, Zanzibar Heroes wakawafunga Burkina Faso 2-1 fainali. Nilikuwapo. Nyie mnaomboleza timu ya Kariakoo na kombe mnalo la kwenu. Mie shabiki wa Heroes, nimefungwa Machakos 2017 kwa penalti, nikarudi nikafurahi Gombani. Simba na Yanga ni mechi za watu wengine, mnaazima huzuni.

Pili, hamjamtaja Said Ahmed Mohamed hata kwa bahati mbaya. Asali Chungu 1977, Utengano 1980, Dunia Mti Mkavu 1980. Fundi anataka mtu anayejua kufungwa? Msomee Bwana Maksuudi wa Utengano. Mtu mkubwa, mali, jina, kamfungia mkewe na binti yake ndani. Halafu Kazija anamwekea mtego, yeye na mwanawe Mussa, wakutane uso kwa uso nyumbani kwa mwanamke mmoja. Mie nilisoma pale nimepanda gari ya Chake, nilicheka mpaka kondakta akaniuliza kuna nini. Hiyo ndiyo hasara nzuri, mtu kujifunga mwenyewe na mashabiki wake wakimtazama.

FundiWaKwahani

Konde, karibu. Umenipiga na Gombani, nakubali, ile nilishangilia na mie. Lakini kuazima huzuni? Yule mwanangu mdogo alilia siku ile mpaka akatapika, hiyo haikuazimwa na mtu.

Utengano nakijua na mtego wa Kazija ni mtamu kusoma. Lakini baba mkwe wangu anakaa pale barazani, kiti cha pili kutoka ukutani, kila siku. Maimuna akifika kwenye danguro la Mama Jeni mie nitapita vipi? Nitaruka kurasa, wataniuliza mbona umeruka. Nisiporuka sioni namna ya kumtazama asubuhi.

KondeHadiMkoani

Baba mkwe wako anajua mambo yote hayo tangu hujazaliwa.

FundiWaKwahani

Anayajua, ila si kwa sauti yangu.

MzeeWaStella

Hapo kijana kasema kweli.

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Kuhusu Adam Shafi kuwa na mtu wa kumlaumu nakubali nusu. Kuli akifungwa na bwana wake anajua kafungwa na nani, sawa. Lakini Kijakazi wa fundi je? Yeye hamlaumu mtu. Hapo Adam Shafi naye kaiacha hasara wazi.

MwalimuMstaafu

Umenikamata vizuri, mzee wangu. Kijakazi ni jambo la peke yake, na ndiyo maana fundi anamkumbuka yeye kuliko Fuad mwenyewe. Ila tazama: mwandishi anataka tumshangae Kijakazi, tuseme kwa nini haamki. Mohamed Suleiman hakutaki umshangae Rehema. Anakutaka ukae naye.

TangaKwaShemeji

Samahanini kuingilia, mie mtu wa Tanga nimeoa Mkokotoni. Mnazungumza waandishi wa zamani mpaka kumi na mbili jioni na Shaaban Robert hajatajwa? Mzee aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mtu wenu wa Fumba! Mwanamke aliyekuja mjini kuuza vyungu, akadharauliwa kwa kabila na sura yake, halafu 1928 akaenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Hapo fundi atapata mtu aliyefungwa kipindi cha kwanza akarudi.

FundiWaKwahani

Shemeji, kwa heshima zote, ndiyo maana simtaki. Siti karudi kipindi cha pili akashinda. Mie sijarudi. Na Shaaban Robert kila akinisimulia jambo ananipa na wosia wake juu, na safari hii sina pahala pa kuuweka. Kwa harusi ya binti yangu nitamsoma yeye, insha'Allah.

MwananchiWaMwera

Harusi gani, ana miaka minne huyo.

Mnaona mnavyozunguka? Kila mlango umefungwa mmebaki na mlango wangu. Kasri itamwaga kahawa. Kuli wamekisoma. Utengano baba mkwe. Rehema mwalimu kakataza. Bwana Msa ni kumfuata dereva. Shaaban Robert anatoa wosia. Kicheko cha Ushindi, fundi. Ki-che-ko.

Na Haji Gora wa Tumbatu je, Kimbunga? Lakini hicho kimetoka 1994 na ni mashairi, utakimaliza kwa usiku mmoja na kahawa ya usiku mmoja haitoshi adhabu.

KondeHadiMkoani

Kimbunga wanakijua kwa wimbo wa taarab wa Culture Musical Club, hawatakuacha usome, wataimba.

FundiWaKwahani

Nimekaa na cherehani mchana kutwa nikifikiri, kanzu ya mtu nimeikata mkono mmoja, imesimama hapo.

Tatizo langu na Kicheko ni jina tu, na nikijichunguza vizuri hilo jina ndilo nililokuwa nalitafuta. Nilisema sitaki kitabu cha kufarijiana. Basi hakuna kitabu kisichonifariji kuliko hicho. Watacheka usiku wa kwanza, na wa pili, halafu hadithi itawashika na watasahau kucheka. Kama mwalimu anavyosema mkono ni wa Rehema, basi mle ndani hakuna mtu anayecheka bure.

Nakubali. Lakini kukitaja jina kila usiku sikubali, Mwera. Mara moja tu, usiku wa mwanzo.

Sasa nakipata wapi? Nimekwenda Darajani, yule muuza vitabu chakavu chini ya ngazi kanipa orodha ya mitihani ya darasa la saba na kitabu cha kufuga kuku.

MwalimuMstaafu

Nakala yangu ninayo. Jalada lilikatika zamani, nimelivisha karatasi ya kaki kama tulivyokuwa tukivisha madaftari skuli, na kurasa za nyuma zimelegea uzi. Wewe fundi wa kushona, labda utaufanyia kitu. Nitakuazima kwa masharti yangu: usikunje pembe ya ukurasa, usiweke kikombe juu yake, na usimpe mtu mwingine hata akiwa baba mkwe. Mtume mtu anijulishe, nitakiacha kwa muuza kahawa wa Jaws Corner, ananijua.

Na usisome ukisimama. Msomaji aliyesimama anakimbia.

FundiWaKwahani

Mwalimu, Mungu akuweke. Uzi nitautia mwenyewe, ule mwembamba wa kanzu. Nitaanza Ijumaa hii baada ya isha.

MwananchiWaMwera

Ijumaa ninakuja. Nije na nini?

FundiWaKwahani

Njoo na kikombe chako. Vyetu vilivunjika dakika ya 17.

MzeeWaStella

Ijumaa mtaa wa pili wana maulidi, hutapata mtu. Anza Jumamosi.